Kisahani Chini ya Malimba

Fundi redio wa Newala hana haraka na kisahani. Amefungua saa mbovu ya mezani, na sasa anapitisha wembe kwenye gundi iliyoshika ukingo, kidogo kidogo, kwa sababu shaba ikikunjika kauri iliyo juu yake hupasuka. Kikishatoka anakipangusa: duara la shaba ya manjano lenye upana wa milimita 27, na katikati duara dogo jeupe la kauri ya risasi, zirkoni na titani, lililopakwa fedha.

Ndani ya saa kazi yake ilikuwa kulia. Umeme ukibadilika kauri hunyumbuka, na shaba ikatikisika nayo. Leo kinatakiwa kufanya kinyume: kitikiswe, kitoe umeme. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, ndio walioonyesha mwaka 1880 kwamba fuwele fulani zikiminywa hutoa umeme.

Anasugua ukingo wa shaba kwa msasa, analehemu waya wa kwanza bila wasiwasi. Wa pili ndio mtihani. Ncha ya moto inagusa fedha kwa muda wa kutamka neno moja, kisha inaondoka. Ingekawia, fedha ingebanduka. Nukta inabaki ndogo, inang'aa.

Kijana mwenye malimba, ala ya ndimi za chuma juu ya ubao, amechoka kusubiri.

"Si ukigundishe tu, babu?"

"Subiri, mjukuu wangu. Gundi haina marudio."

Badala ya gundi anatumia nta ya nyuki. Anabandika kisahani chini ya ubao, kijana anapiga, yeye anasikiliza kwa vipokea sauti, anabandua, anasogeza. Karibu na daraja vyuma vinakwaruza. Katikati ya ubao sauti inavuma mno. Anahama kwa upana wa kidole, tena na tena, uso wake haubadiliki. Nta ina historia ya sauti huku: mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala akinasa nyimbo za wenyeji kwenye mitungi ya nta ya fonografu.

Mahali pakipatikana anapazungushia penseli. Gundi anaipaka nyembamba, kisha anaminya shaba kwa kidole gumba mpaka mapovu yote yatoke, kwani povu moja hunyonya sauti.

Bado amplifaya. Kisahani kama hiki kikiunganishwa moja kwa moja kwenye tundu la kiloomu 10, besi yote chini ya hetsi 800 hivi hufifia, na malimba husikika kama bati. Kwa hiyo ameunda saketi ndogo ya transista moja, yenye rezista ya megaomu moja mlangoni. Sasa ndimi nene za chuma zinasikika kwa uzito wake.

Mwisho anafunga waya kwa uzi imara kwenye ubao, ili mtu akijikwaa nao ngomani, kivutike kile kifundo, lehemu isiguswe.