Vitenzi vya Karakana: Kusafisha na Kupaka Rangi Bloku ya Injini

Wafasiri wa maandishi ya ufundi wana desturi ya kutaabika na majina na kuvipita vitenzi mbio. Desturi hiyo imedhihirika tena katika tafsiri moja ya maelekezo ya karakana iliyotufikia tuitolee maoni, katika sehemu ihusuyo matengenezo makubwa ya injini, ambayo mafundi wetu huyaita ovahoo. Mfasiri hatumtaji, wala hapana haja. Kosa lake ni la wengi.

Katika majina amejitahidi mno. Bloku ameiita "gogo la injini", na gasketi "kizibio". Lakini fundi wa Kibamba, katika karakana zilizo kando ya Barabara ya Morogoro, husema bloku, pistoni, ringi na gasketi, na muuza vipuri wa Kariakoo humwelewa mara moja. Kanuni ya kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu kabla ya kukopa ni kanuni njema, ila haikuwekwa ili kulifukuza neno lililokwisha kuhamia na kujenga nyumba.

Udhaifu mkubwa uko katika kitenzi "safisha". Twasoma: safisha bloku, safisha njia za mafuta, safisha silinda, safisha kabla ya kupaka rangi. Kwa mwanafunzi wa ufundi hizo ni kazi nne zisizofanana. Mabaki ya gasketi kuukuu hukwanguliwa. Kutu ya nje husuguliwa kwa brashi ya waya. Grisi huoshwa kwa mafuta ya taa. Njia nyembamba za oili zipitazo ndani ya bloku huzibuliwa kwa brashi ndefu, husuuzwa, kisha hupulizwa kwa upepo wa kompresa. Asipozizibua, chembe za chuma zilizobaki huchukuliwa na oili hadi kwenye beringi, na injini iliyogharimu fedha nyingi huharibika muda mfupi baada ya kuwashwa. Hapo kosa la mfasiri hulipwa na mwenye gari.

Silinda zilizochongwa upya nazo zina namna yake. Petroli huondoa mafuta lakini huacha ndani ya mikwaruzo unga wa mawe ya kunolea. Kwa hiyo huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, hukaushwa, na papo hapo hufutwa kwa kitambaa chenye oili, maana chuma kitupu chenye unyevu hakichelewi kuota kutu. Kuosha, kusuuza, kukausha, kufuta: maneno haya yote yamo jikoni mwa kila msomaji wetu. Hayakuhitaji kikao cha istilahi. Yalihitaji mfasiri aliyeuliza kazi yenyewe hufanywaje.

Mahali pengine tafsiri yaagiza "bloku ya metali" ichemshwe katika maji ya kostiki. Bloku ya chuma cha kusubu yaweza kuchemshwa hivyo bila madhara. Bloku ya alumini italiwa na kostiki. Neno "metali" limezikusanya zote mbili pamoja, na bloku ya alumini ikitiwa humo haitafaa tena.

Jambo la kufunga na kufungua latutaabisha zaidi, kwa kuwa lingeweza kumpotosha hata msomaji makini. Katika karakana, kufungua injini ni kuitenganisha vipande, na kufunga ni kuviunganisha tena kwa bolti. Tafsiri inapoagiza "fungua matundu ya mafuta", mwanafunzi atatafuta spana. Kiswahili kimekwisha kutupa ziba na zibua, kitenzi na kinyume chake, tena kwa mzizi mmoja. Zibua matundu wakati wa kuosha. Yazibe wakati wa rangi. Hatujui lugha gani ingeweza kutufanyia hisani kubwa kuliko hiyo.

Katika rangi, tafsiri yasema "paka rangi bloku yote". La hasha. Rangi ni ya nje tu, kwa kuzuia kutu na kurahisisha kuona oili inapovuja. Nyuso zinazokaliwa na gasketi, kuta za silinda, makalio ya beringi na matundu ya bolti hufunikwa kwa utepe wa karatasi kwanza. Vilevile kupaka ni kwa brashi na kupuliza ni kwa kompresa. Maagizo yasemayo "paka" kisha yakataja kompresa yajipinga yenyewe. Nayo "rangi ya msingi", aliyoichagua mfasiri kwa tabaka la kwanza, twaikataa kwa sababu walimu wa sanaa wanayo tayari kwa nyekundu, njano na buluu. Praima, ijapokuwa ya kukopa, haina mgongano na mtu.

Limebaki agizo fupi ambalo watumishi wa serikali watalijali kuliko sisi: "kwangua sehemu yenye namba". Namba ya injini hugongwa juu ya bloku, na imeandikwa katika kadi ya usajili wa gari. Fundi akiikwangua kwa patasi, mwenye gari atakuwa na mengi ya kueleza siku gari litakapokaguliwa. Tumependekeza iandikwe: "futa namba ya injini taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uifunike kwa utepe, usiipulizie rangi nzito."