Fundi wa Pua

Mzee huyu alikuwa askari wa kikosi cha mbwa. Alistaafu zamani, na sasa anaishi pembezoni mwa Moshi akifundisha mbwa wa watu. Asubuhi, umande haujakauka, utamkuta kwenye nyasi na mbwa koko mchanga, mkononi ana kiberiti chenye karafuu chache alizozitoa jikoni kwa mkewe. Koko huyo hana ukoo wa kujivunia. "Pua haina cheti, mwanangu," aliniambia, akaendelea na kazi yake.

Ukiusimulia, mchezo wenyewe ni wa kitoto: kiberiti kinafichwa, mbwa anakitafuta, akikipata anapewa kipande cha utumbo. Lakini mtazame mzee anavyoficha. Hudondosha majivu kidogo aone upepo unaelekea wapi, kisha humzungusha mbwa aanzie upande ambako harufu itamjia usoni. Hafanyi mchezo huu mchana. Jua likichoma, harufu hupanda ikatawanyika. Akishamwachia, hunyamaza. Hapo ndipo ninapouona ufundi, maana wengine wetu tungepiga kelele "tafuta, tafuta" huku tunanyoosha kidole, na mbwa angejifunza kusoma kidole. "Ukimsemesha yuko kazini, unamtoa kwenye harufu unamrudisha kwako."

Nilimwona yule koko akizikata nyasi kwenda na kurudi, ulimi nje. Akapita karibu na rundo la matofali bila kusita. Hatua chache mbele kichwa kikageuka ghafla, kana kwamba kavutwa sikio. Mdomo ukafumba, mkia ukakaza na kuanza kutikisika harakaharaka. "Keshaipata," mzee alinong'ona, na mbwa bado hajayafikia matofali. Alirudi polepole, akaizamisha pua katikati ya tofali mbili, akaketi. Utumbo ulimfikia hapohapo, kabla hajainua macho.

Ameumbiwa hivyo. Binadamu ana vipokezi vya harufu milioni chache tu puani. Mbwa wa aina fulani hufikia milioni 300, na akitoa pumzi, nyingi hupitia mianya ya pembeni isije ikaifukuza harufu inayoingia. Huko Marekani mchezo wa kunusa umekuwa mashindano rasmi, na karafuu ni mojawapo ya harufu zinazotumika. Mzee hana habari. Yeye aliichagua kwa kuwa haikosekani nyumbani.

Wazee wetu waliijua thamani ya pua. Wambuti wa msitu wa Ituri huwavisha mbwa wao wa kuwindia kengele za mti shingoni, maana mbwa wale hufuata harufu kimyakimya, hawabweki kama hawa wetu. Na wanaodhani mbwa ni najisi na basi, waisome tena Sura ya Al-Maida: nyama iliyokamatwa na mnyama wa kuwinda inahalalishwa, sharti awe amefundishwa.

Sisi tumebaki na koo. Kuanzia Moshi hadi Nairobi kuta zimejaa vibao vya "Mbwa Mkali", na nyuma ya kibao yumo mnyama aliyeshinda bandani akinusa saruji na kinyesi chake mwenyewe. Akichimba au akitafuna viatu, tunasema ana wazimu, anaongezewa fimbo.

Mzee alikuwa akiwatuma wajukuu wakajifiche kwenye shamba la mahindi la jirani, mbwa awafuate nyayo kwa nyayo, na kelele za furaha zikisikika hadi barabarani. Shamba limeuzwa; zimejengwa fremu za maduka. Na wateja wanaomletea mbwa siku hizi wana swali moja tu: "Mzee, ataanza kung'ata lini?" Zamani aliwarudisha na mbwa wao. Sasa anawapokea, kwa sababu ada za wajukuu hazingoji, na kiberiti chake anakitoa alfajiri, kabla wenye mbwa hawajaja kuuliza kama ukali umeanza kuonekana.