Waliopanga Maikrofoni

Jioni, hapa Industrial Division mjini Mbale, magitaa ya Morogoro Jazz, bendi ya zamani ya Tanzania, bado husikika kutoka kibanda cha fundi redio. Wapigaji tumewasifu vya kutosha. Leo nawashika mkono mafundi mitambo wa Redio Tanzania Dar es Salaam, waliorekodi bendi za aina hiyo wakiwa nyuma ya kioo.

Kazi ya kupanga wapigaji ili sauti zao zilingane ni ya zamani. Kabla ya 1925, jazz ya Marekani ilirekodiwa kwa pembe kubwa la kunasa sauti: bendi inapiga mbele yake, mwenye tarumbeta anarudishwa nyuma asiwafunike wenzake. Maikrofoni za umeme zilipokuja, kazi ya kupanga watu haikuisha. Itazame ile ya utepe. Ndani mna ukanda wa alumini, mwembamba kuliko unywele, unaoning'inia kati ya sumaku. Ukiupuliza kwa nguvu umeuharibu. Mbele na nyuma unasikia, ubavuni karibu hausikii kitu, na fundi mjuzi aliutumia uziwi huo kuzuia ngoma.

Studio za Redio Tanzania nazo zilikuwa na vifaa vya kuhesabika. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja kwenye kanda, bila nafasi ya kutenganisha vyombo baadaye. Saksafoni ikimmeza mwimbaji, wote wanaanza upya, na fundi anatoka kusogeza kiti hatua moja. Hatua hiyo moja ndiyo inayotufanya tusikie pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti.

Kama unamjua mmoja wa mafundi hao aliye hai, mpigie simu leo. Mwambie Mbale tunamsikia.