Lugha ya Mgeni: Uhakiki wa Istilahi Chache za Tovuti

Katika miaka hii wafasiri wa idara za serikali wamekuwa wakiletewa kazi ya aina mpya, nayo ni kuandika au kutafsiri maelekezo ambayo mtunzi wa programu atayafuata anapoandaa tovuti. Zamani kosa la istilahi lilimsumbua msomaji peke yake. Siku hizi kosa hilo laweza kuingia ndani ya programu, na programu ikalirudia kwa kila mgeni afikaye, usiku na mchana, bila mtu kutanabahi. Makala haya yanapitia istilahi chache zilizomo katika rasimu ya faharasa ambayo mwandishi aliombwa kuisoma. Zote zinahusu jambo moja: namna seva inavyoamua kumpa mgeni ukurasa wa lugha gani.

Yafaa kwanza kueleza jambo lenyewe. Mtu anapofungua tovuti, kivinjari chake hupeleka ombi kwenye seva, na ndani ya ombi hilo mna mstari uitwao Accept-Language. Mstari huo hutaja lugha ambazo mwenye kivinjari anataka kusomea, kila moja kwa alama yake, pamoja na tarakimu ya kuonyesha kiasi cha upendeleo. Mtu aliyekiweka kivinjari chake katika Kiswahili cha Tanzania aweza kupeleka mstari kama huu:

sw-TZ,sw;q=0.9,en;q=0.8

Maana yake ni kwamba anataka Kiswahili cha Tanzania kwanza. Kikikosekana, Kiswahili chochote. Nacho kikikosekana, Kiingereza. Lugha isiyoandikiwa tarakimu huhesabiwa kuwa na 1, na iliyoandikiwa 0 imekataliwa. Kanuni hizi zimo katika waraka wa itifaki ya HTTP, yaani RFC 9110 wa mwaka 2022, lakini mstari wenyewe umekuwapo tangu miaka ya 1990.

Rasimu inauita mstari huo "lugha zinazokubalika". Kwa kufuata neno kwa neno hapana kosa, kwa kuwa jina la Kiingereza limejengwa juu ya kitenzi cha kukubali. Lakini kukubalika hakuna daraja. Ukiambiwa kwamba mgeni wako anakubali chai na kahawa, utampa iliyo karibu na mkono wako. Ndivyo ilivyotokea katika ofisi moja ninayoifahamu. Maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili fasaha yalisema kwamba iwapo Kiingereza ni miongoni mwa lugha zinazokubalika kwa mgeni, apewe ukurasa wa Kiingereza, na vinginevyo apewe wa Kiswahili. Mtunzi wa programu alitii. Programu yake ilitafuta herufi en popote katika mstari, nazo zilikuwamo karibu kila mara, kwa sababu vivinjari vingi huongeza Kiingereza mwishoni hata kwa mtu aliyechagua Kiswahili. Kurasa za Kiswahili zilikuwapo, zimetafsiriwa kwa uangalifu mkubwa, ila mlango wa kuzifikia ulikuwa umefungwa.

Baada ya miezi kadhaa hesabu ya wasomaji ililetwa mkutanoni. Ikaonekana kwamba kurasa za Kiswahili hazisomwi, na ikapendekezwa kwamba kazi ya kutafsiri isimamishwe ili kupunguza gharama. Hakuna aliyeuliza kama wasomaji walikuwa wameonyeshwa kurasa hizo. Ni bahati tu kwamba mfasiri mmoja, ambaye simu yake ilikuwa katika Kiswahili, aliifungua tovuti ile nyumbani kwake akapokewa kwa Kiingereza. Nchi ambayo tangu mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama haiwezi kuvumilia wananchi wafichwe kurasa zao kwa sababu ya kitenzi kimoja. Napendekeza mstari huo uitwe "tamko la lugha", na maelezo ya faharasa yaseme wazi kwamba tamko lina mpango, na kwamba lugha inayotangulia ni ile yenye tarakimu kubwa, wala si lazima iwe ile iliyoandikwa mwanzo.

Tarakimu yenyewe imefasiriwa "ubora". Hapa tena mfasiri ameifuata asili kwa uaminifu, maana ile q ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana hiyo. Lakini hebu tuusome mstari wa mtu aliyetanguliza Kiingereza na kukipa Kiswahili 0.8. Kwa istilahi ya rasimu tutasema kwamba "Kiswahili kina ubora wa 0.8". Ubora kwa nani, na kwa kipimo gani? Tarakimu hiyo haisemi neno lolote juu ya lugha. Yasema juu ya matakwa ya mtu. Waraka wa itifaki wenyewe hulitumia pia neno la uzito, nalo ndilo linalofaa. Mwalimu akimwambia mwanafunzi kwamba Kiswahili kimepewa uzito wa 0.8 katika tamko fulani, hapana atakayedhani kwamba lugha yake imeshushwa hadhi.

Istilahi ya tatu ni "kugundua lugha ya mgeni". Daktari hugundua ugonjwa, na mpelelezi hugundua aliyeiba. Kinachogunduliwa kilikuwa kimefichika. Lugha ya mgeni haikufichika. Ameitaja kwa kivinjari chake kabla hajaonyeshwa hata neno moja. Ubaya wa neno hili ni kwamba humhimiza mtunzi wa programu kuwa mpelelezi. Badala ya kulisoma tamko, hutazama ombi limetoka nchi gani, kisha hukisia lugha. Hivyo mtu wa Muscat aliyelelewa katika Kiswahili, na ambaye kivinjari chake kimeandikwa sw, hupewa Kiarabu. Na mwalimu wa Dar es Salaam aliyekwenda masomoni Ujerumani hupewa Kijerumani asichokijua. Nchi si lugha. Kitendo cha kwanza na kiitwe "kusoma tamko", na cha pili kiitwe kwa jina lake la haki, yaani "kukisia".

Lakini nisilisifu tamko kupita kiasi. Simu nyingi zinazouzwa kwetu huwashwa kwa mara ya kwanza zikiwa katika Kiingereza, na mwenye simu huiacha hivyo hivyo. Tamko lake, kwa kweli, ni la kiwanda. Kwa sababu hiyo maelekezo yoyote ya tovuti ya umma hayana budi kuagiza kiwepo kitufe cha kubadili lugha kinachoonekana juu ya kila ukurasa, na kwamba chaguo la mkono wa mtu likumbukwe na kushinda tamko la kivinjari.

Lipo pia suala la alama za lugha, ambalo rasimu imelipita mbio kwa kuziita zote "misimbo ya nchi". Alama sw ni ya lugha, na TZ ni ya nchi. (Nimewahi kuona mtu mzima akidhani kwamba sw ni Sweden, Kiswidi ni sv.) Kuchanganya mambo haya kuna madhara. Kwa mujibu wa RFC 4647 wa mwaka 2006, seva inayotafuta ukurasa wa kumpa mgeni yaweza kuikata alama kuanzia mwisho: mgeni akitaka sw-KE, na ukurasa wa alama hiyo haupo, hutafutwa wa sw. Basi ofisi iliyouandika ukurasa wake sw-TZ peke yake itamnyima Kiswahili mgeni wa Mombasa, ingawa angeusoma bila taabu yoyote. Kurasa zetu ziandikwe sw, isipokuwa pale ambapo tofauti ya nchi ni ya lazima. Kwa ndugu zetu wa Kongo pana mkanganyiko zaidi, kwani Kiswahili chao chaweza kuja kwa alama ya sw-CD au ya swc. Ya kwanza ikikatwa hurudi kwenye sw. Ya pili hairudi, na ni lazima mtunzi wa programu aelekezwe kwa maneno kwamba naye ni mtu wa nyumbani.

Istilahi ya mwisho ni "lugha chaguo-msingi", yaani lugha anayopewa mgeni ambaye seva haina hata moja ya lugha alizozitaja. Neno chaguo-msingi limekwisha kuota mizizi katika kompyuta, nami si mmoja wa wale wanaong'oa kila kilichopandwa. Tuliona "ngamizi" ikikosa wasemaji, na "tarakilishi" ikishika upande mmoja wa mpaka zaidi ya mwingine. Mazoea yana nguvu zake. Hata hivyo, katika mahali hapa hakuna aliyechagua. Mgeni hakuichagua lugha hiyo, wala haiko katika tamko lake. Wengine husema seva imjibu tu kwamba hakuna kinachofaa. Itifaki inaruhusu, ila haihimizi, kwa kuwa mtu aweza kunufaika hata na ukurasa wa lugha asiyoiomba. Mimi nilipendekeza "lugha ya akiba".

Mhariri wa faharasa amenijibu kwamba "akiba" imekwisha kutengwa kwa ajili ya nakala za kurasa zinazohifadhiwa njiani, kati ya seva na msomaji. Hoja yake ina nguvu, hasa kwa kuwa nakala hizo nazo zahusika: seva isipotangaza kwamba ukurasa hubadilika kwa kufuata tamko la lugha, nakala ya Kiingereza iliyohifadhiwa kwa mgeni wa kwanza huweza kupewa wa pili aliyeomba Kiswahili. Kuwa na "akiba" mbili katika sentensi moja ya maelekezo kungeleta balaa. Msomaji mwenye neno bora kwa mojawapo ya dhana hizi mbili na aliandikie Baraza kabla faharasa haijapelekwa mtamboni.