Maswali 65,536 kwa Chipu Moja

Commodore 64 ikiwashwa leo na skrini ikabaki nyeusi tii, fundi anayeijua hashuki moja kwa moja kwenye kichakataji. Hupima adapta ya umeme kwanza. Adapta ya asili ilijazwa gundi ngumu ndani, haifunguki wala haipoi vizuri, na kirekebishi chake cha volti 5 kikichoka aghalabu hakikati umeme bali huuachia upande, ukaunguza chipu za kumbukumbu. Adapta ikionekana salama, mshukiwa anayefuata ni chipu ya pini 28 iitwayo PLA.

Kompyuta hii ilitoka mwaka 1982, na unafuu wa bei yake ulitokana kwa sehemu kubwa na uamuzi wa 1976, Commodore ilipoinunua MOS Technology na kuanza kujitengenezea chipu zake yenyewe. Uamuzi huohuo ndio unaowabana mafundi sasa. Commodore ilifilisika mwaka 1994, na chipu zilizobuniwa kwa ajili ya mashine zake hazikuwa na mtengenezaji mwingine. Mashine za mwanzo zilitumia PLA ya Signetics, iliyouzwa kwa yeyote. Baadaye MOS ikatoa ya kwake, na hiyo hupata joto kali na imejijengea sifa mbaya ya kufa.

Kazi ya PLA ni uamuzi. Kichakataji cha 6510 kina waya 16 za anwani, kwa hiyo kinaweza kuona kilobaiti 64 tu, na kumbukumbu ya mashine imeshazijaza zote. Hata hivyo BASIC inataka kilobaiti 8 humohumo, mfumo wa uendeshaji 8 nyingine, maumbo ya herufi kilobaiti 4, na bado kuna chipu za sauti na picha, pamoja na katriji. PLA hutazama ishara 16 zinazoingia na kuamua, kila mara, nani ajibu kupitia waya 8 zinazotoka.

Hapo ndipo mafundi walipopata upenyo. PLA haikumbuki chochote: ishara zilezile huleta jibu lilelile daima. Ishara 16 huzaa michanganyiko 65,536, basi iweke chipu nzima kwenye kifaa, iulize yote, andika majibu. Jedwali hilo linatosha kabisa ndani ya EPROM, yaani chipu inayotunza data iliyoandikiwa, ya aina ya 27C512, yenye waya 16 za anwani na 8 za data. Pini zake hazikukaa kwa mpangilio uleule, lakini kibao kidogo cha kuzipanga upya huondoa tatizo. Ni ufumbuzi mzuri mno, na umefufua mashine nyingi.

Lakini baadhi ya mashine hizo ziliganda, au zilikataa katriji fulani, ingawa jedwali lilikuwa sahihi hadi biti ya mwisho. Kosa lilikuwa kwenye muda. Waya mmoja unaotoka PLA huenda kwenye chipu za kumbukumbu, ambazo hupokea anwani kwa mafungu mawili: mstari, kisha safu. Waya huo ndio unaoziambia kwamba safu imefika. EPROM inapohama kutoka jibu moja kwenda jingine, inaweza kutoa mpigo wa uongo wa nanosekunde chache, na kumbukumbu ikauamini. Anayeleta chipu ya kisasa yenye kasi mno naye ana hatari yake: ishara ikiwahi kabla anwani ya safu haijatulia, data huharibika.

Mwaka 2012 Thomas Giesel, mbunifu wa katriji ya EasyFlash, alichapisha uchunguzi wa PLA uliotazama milinganyo yake ya mantiki pamoja na ucheleweshaji wake. Kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote katika mkasa huu, kwa sababu ilionyesha kwamba mbadala wa kweli hurithi hata mwendo wa chipu ya zamani. Mbadala mzuri leo hujengwa kwa chipu za mantiki zinazopangika, ucheleweshaji wake ukiwa umehesabiwa.

Chipu ya sauti, SID, iliyobuniwa na Bob Yannes, haikubali mbinu hiyo ya kuuliza na kuandika majibu. Kichujio chake ni cha analogi, na SID mbili za toleo la 6581 zinaweza kuutoa wimbo mmoja kwa rangi mbili tofauti. Zaidi ya hayo, wanamuziki nao wanaitaka: mwaka 1999 kampuni ya Elektron ya Uswidi ilitoa SidStation, sintesaiza isiyo na vibonyezo vya kinanda iliyojengwa juu ya SID halisi, na akiba ya chipu hizo haikuwa ya kudumu. Mbadala kama ARMSID na FPGASID hukokotoa kichujio kwa hesabu na hufanya vizuri, lakini waundaji wake hulazimika kwanza kuamua ni SID ipi waige, kwa kuwa hakuna jedwali la kuliuliza.