Somo la Historia Sekondari: Khabari Isiyo na Sanad

 

Miongoni mwa vijana wanaotujia darsani jioni wamo wanafunzi wa sekondari. Tuliwaomba tuyaone madaftari yao ya Historia. Yote yamepangwa namna moja: sababu tano, athari sita, umuhimu saba. Tukamuuliza mmoja wao: "Haya umeyapata kwa nani, na yeye kayapata wapi?" Akatutazama kwa mshangao, akajibu: "Ndivyo inavyotakiwa kwenye mtihani, Maalim."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalosomeshwa kwa Kiswahili, na hilo ni jambo la kheri. Lakini jina jipya halitoshi iwapo usomeshaji ni ule ule wa kukariri na kusahau. Historia ni khabari, na khabari kwa maulamaa wetu haipokelewi mpaka ajulikane aliyeipokea na aliyeisema. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha anayotuletea fasiki. Juu ya msingi huo watu wa Hadithi wakajenga ilimu ya sanad na ya kuwapima wapokezi. Naye Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, akataka khabari yenyewe pia ipimwe kwa akili. Alimkosoa al-Masudi kwa kunukuu kwamba Nabii Musa (a.s.) alikuwa na askari 600,000 au zaidi, kwani jeshi la ukubwa huo lisingeweza hata kujipanga vitani.

Tuchukue mfano wa biashara ya watumwa. Daftari moja tulilolisoma linaieleza kwa mstari mmoja: ililetwa na Waarabu. Basi. Kijana haelezwi kwamba mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Hapo wamo mnunuzi wa Ulaya na mtawala Muislamu wa pwani kwa pamoja. Mstari ule mmoja umemficha wa kwanza, na wa pili umemfanya mgeni.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusifurahi upesi. Nasi wa madrasa na mimbari tuna kosa letu. Mara ngapi tumewasimulia watoto ukarimu wa Sultani al-Hasan wa Kilwa, aliyeitwa Abul Mawahib, ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331? Tunasema alimvulia nguo zake fakiri wa Kiyemeni aliyemuomba, kisha tunanyamaza. Ibn Battuta hakunyamaza. Ameeleza kwamba mwana wa Sultani alizirudisha nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na Sultani alipoona watu wamemsifu, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Ameeleza pia kwamba Sultani huyo alikuwa akivamia nchi za Zanji na kuchukua ngawira. Mwenye kuchukua nusu ya riwaya inayompendeza na kuacha nusu inayomchoma amekhini amana, ijapokuwa amevaa kanzu.

Hapa ndipo penye khatari. Kijana akisikia darasani lawama tupu, na chuoni sifa tupu, mwisho atamkadhibisha mmoja wetu. Na siku atakayoisoma riwaya nzima mwenyewe, huenda akatukadhibisha hata katika yale tuliyosema kweli. Kukiri kosa la Waislamu si kuitia dosari Dini. Dini ni hoja juu ya Waislamu; matendo yao si hoja juu yake.

Basi nini la kufanya? Kwanza, mwalimu awatoe wanafunzi darasani. Awapeleke wa Unguja Kizimkazi Dimbani, wakaone mihrabuni maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Kisha awaulize: je, msikiti wote ni wa mwaka huo? Jibu ni hapana, kwani sehemu kubwa ya jengo ni ya karne ya 18. Kwa swali hilo moja mwanafunzi atajifunza kutofautisha jiwe na khabari ya jiwe, jambo ambalo orodha ya sababu tano haimfunzi. Aliye kusini ana Kilwa Kisiwani na Msikiti Mkuu wake.

Pili, sisi wenye kusoma Kiarabu tuwe tayari kukaa na walimu wa sekondari pale wanapohitaji kusomewa maandishi. Tusingoje kualikwa, wala tusiende kwa kibri. Tatu, kila maalim wa chuo awazoeshe watoto swali lile lile: umeipata wapi? Na aanze kwa kukubali kuulizwa yeye.

Tunamuomba Allah atujaalie kuisema haki, hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu. Wabillahi tawfiq.