Uhakiki wa Ramani za Mtawanyiko wa Komba Kusini mwa Ziwa Viktoria: Mfano wa Igoma, Mwanza

Ramani ya mtawanyiko wa mnyama husomwa kama ushahidi, ilhali sehemu kubwa yake huwa ni makisio. Kwa komba dosari hiyo ni nzito zaidi. Primati hawa wadogo hutembea usiku, spishi zao hufanana mno kwa umbo na rangi, na mara nyingi mlio huzitofautisha vizuri kuliko ngozi.

Igoma, kata ya Wilaya ya Nyamagana iliyo kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, inafaa kuwa kipimo. Kusini mwa Ziwa Viktoria ndiko zinakokaribiana spishi mbili za komba wadogo: Galago senegalensis, aliyeenea katika ukanda wa savana kutoka Senegali hadi Afrika Mashariki, na Galago moholi wa miombo na migunga ya kusini mwa Afrika, ambaye kaskazini hufika Tanzania. Ramani za kupaka rangi huzitenga spishi hizo kwa mstari laini. Msomaji akiweka kidole juu ya Igoma hupata jibu, lakini haoni jibu hilo lilivyopatikana.

Tatizo la msingi ni la majina. Kwa muda mrefu moholi alihesabiwa kuwa nususpishi ya senegalensis. Kwa hiyo kielelezo cha makumbusho chenye lebo ya Galago senegalensis, kilichokusanywa kabla ya spishi hizo kutenganishwa, hakithibitishi ni ipi kati ya hizo mbili. Mtafiti anayeihamishia nukta hiyo kwenye ramani mpya bila kurudia kuchunguza ngozi na fuvu huhamisha shaka ya zamani na kuivika vazi la uhakika. Hojaji nazo haziokoi jambo. Neno “komba” hubeba wadogo na wakubwa kwa pamoja. Huko pwani, anaposifiwa kwa kupenda tembo la mnazi, aghalabu anayekusudiwa ni yule mkubwa wa jenasi ya Otolemur. “Ndiyo, komba wapo” ni jibu la kweli lisilochoreka.

Kwamba kazi bora inawezekana, pwani ya Tanzania na Kenya imeonyesha. Mwaka 1995 Bearder, Honess na Ambrose walitetea matumizi ya milio katika kutambua spishi za komba. Komba wa Rondo, aliyepewa jina la uwanda wa juu wa Rondo mkoani Lindi, alielezwa kisayansi mwaka 1997. Mwaka 2006 Butynski, de Jong, Perkin, Bearder na Honess waliwapitia upya komba wadogo wa Afrika Mashariki, na komba wa pwani ya Kenya akatengwa na yule wa Zanzibar kwa jina la cocos. Mipaka ikabadilika kwa sababu watu walisikiliza. Kuendelea kuchora mwambao wa ziwa kwa kufuata aina ya uoto peke yake, baada ya somo hilo, ni uzembe wa kimbinu.

Uoto wenyewe haukutulia. Katika enzi ya ukoloni miti ya Usukuma ilifyekwa kwenye maeneo mapana ili kuangamiza mbung'o, na kilimo cha pamba kikapanuka. Mkoani Shinyanga mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulihuisha ngitili, yaani malisho yanayotengwa hadi miti na nyasi zirudi. Rangi moja isiyo na tarehe huuficha mfyeko huo na marejeo hayo kwa pamoja. Mjini nako nyumba hupanda milima ya mawe, na kichaka kinaweza kutoweka kabla hakijasikilizwa hata usiku mmoja.

Ni haki kukiri kwamba ramani za rangi, kama zile za IUCN, zilikusudiwa kutoa taswira ya jumla. Kosa ni kuzitumia kuamua jambo la kata moja. Ramani ya kata ingepaswa kuwa na alama tatu: mahali mlio uliporekodiwa, mahali paliposikilizwa pakawa kimya, na mahali pasipofikiwa. Tasnifu nyingi huandika ya kwanza tu, tena kando ya barabara zinazopitika kwa gari. Pasipo rekodi ya sauti yenye tarehe, saa na viwianishi, Igoma ibaki nyeupe, hata ikiwa imezungukwa na rangi pande zote.